Jukwaa Katika Mji Wetu

Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, mjini Nakuru, na kuchapwa hapa kwa ombi la wanachama



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo halijapata kutajwa katika taarifa za miaka iliyopita, nalo ni mchezo wa kuigiza. Twajua ya kuwa wako kati yenu watakaouliza: chama cha kusaidiana katika maradhi, mazishi na karo za watoto kina shauri gani na waigizaji? Swali hilo ni la haki, na sisi wenyewe tulikuwa tukiliuliza. Twaomba mtusikilize hadi mwisho, ndipo mkate shauri.

Tuanze na habari iliyotupata sisi viongozi, ingawa si habari ya kutuletea sifa. Vijana wa mtaa walitujia wakiomba ukumbi wetu wapate mahali pa kufanyia mazoezi jioni. Tuliwakatalia mara mbili. Tulisema watapiga kelele, watavunja viti, na ya kwamba ukumbi ulijengwa kwa ada za watu wazima wenye shughuli za maana. Wakaenda kufanya mazoezi yao nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, nao wakipaza sauti kushindana na mashine. Walipokuja mara ya tatu tuliona haya, tukawakubalia kwa sharti moja, kwamba mchezo wao watuonyeshe sisi kwanza.

Basi Jumamosi moja tuliketi safu ya mbele, na wanachama nyuma yetu. Mchezo ulikuwa juu ya mjane. Mumewe alilipa ada ya chama miaka mingi bila kukosa, na alipofariki mjane akaenda kuomba msaada wa mazishi. Mtunza hazina akamwambia, njoo kesho. Alipokwenda kesho yake akaambiwa daftari limo ndani ya mtoto wa meza, na mtoto wa meza umefungwa, na ufunguo umesafiri. Watu walicheka sana kusikia ufunguo umesafiri. Sisi nasi tulicheka, lakini si kwa muda mrefu kama wao.

Mjane alipobisha hodi mara ya tatu, kiongozi wa vijana alisimamisha mchezo, akawageukia watazamaji akauliza: “Mama huyu afanye nini?” Ukumbi ukanyamaza. Kisha mama mmoja, mwanachama wetu, akasimama kule nyuma. Akasema kwa upole kwamba yeye anakijua kisa hicho vizuri kuliko wale waliokiigiza, kwa kuwa alingoja msaada wa chama hiki tangu mahindi yalipopandwa hata yakavunwa.

Ndugu, hatukuwa na jibu. Hakuna aliyeiba fedha. Zilikuwako benki, lakini wawili kati ya wale wenye kutia sahihi walikuwa wamekosana, kila mmoja akingoja mwenzake aje kumwomba radhi, na katikati yao mjane akasahauliwa. Mama huyo alilipwa baada ya majuma mawili. Halmashauri ikaagiza hesabu za chama zibandikwe mlangoni pa ukumbi kila mwisho wa mwezi, na wenye kutia sahihi wawe wanne, ili ugomvi wa wawili usiwe adhabu ya mtu wa tatu. Mtakapofungua ukurasa wa hesabu katika kitabu hiki, kumbukeni kwamba umepangwa hivyo kwa sababu ya jioni ile.

Tulijiuliza baadaye: katika mikutano yetu yote ya mwaka ule, mbona hapakuwa na aliyelisema jambo hili? Tukaona sababu ni nyepesi. Mkutano una ajenda, na ajenda huandikwa na sisi. Mchezo hauna ajenda ya halmashauri. Humweka mtu mbele ya mambo yake mwenyewe akiyatazama kwa mbali kidogo, na kwa kuwa anayesemwa si yeye kwa jina, hupata nguvu ya kusimama akasema, “Huyo ni mimi.” Hilo ndilo tulilokuja kuwaeleza leo. Yaliyobaki ni ushahidi.

Ushahidi wa kwanza watoka katika historia ya mji wetu na nchi yetu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kuwa makao ya biashara ya walowezi wa Bonde la Ufa. Walowezi wale walipenda kuigiza. Waliunda chama chao cha waigizaji wa kujitolea, wasiotafuta faida, wakajenga nyumba ya michezo ambayo hata leo yaitwa Nakuru Players. Waliigiza wenyewe kwa wenyewe, kwa Kiingereza, hadithi za nchi waliyotoka. Mwafrika aliyeifahamu nyumba ile siku hizo aliifahamu kwa ufagio na kwa sinia ya chai. Huko Nairobi nako, nyumba kubwa ya michezo, Kenya National Theatre, ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ilipotangazwa Hali ya Hatari. Wazee wetu wengi mwaka huo walikuwa wakionyeshwa michezo ya namna nyingine.

Walakini tusiseme kwamba sanaa hii ni ya kigeni. Mwenye kutambia ngano jioni, akigeuza sauti kuwa fisi na kuwa sungura, na watoto wakiitikia wimbo mahali pake, huyo ni mwigizaji, nao ni watazamaji wenye kazi yao. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wanafunzi wa shule ya Alliance huko Kikuyu walianza kuigiza michezo ya Kiswahili waliyoitunga wenyewe. Mmoja wao, Henry Kuria, alitunga Nakupenda Lakini, na mchezo huo ukachapwa kitabu mwaka 1957. Kwa hiyo nyumba ya mawe walitangulia wao, lakini maneno ya kutiwa ndani yake tulikuwa nayo.

Leo nyumba ile ya Nakuru Players imo mikononi mwa Wakenya. Wanafunzi huletwa na walimu wao kutazama vitabu vya fasihi vikiigizwa, kama vile Bembea ya Maisha wa Timothy Arege, na mtoto aliyesoma maneno hayo darasani bila kuyaelewa huyasikia yakitoka kinywani mwa mtu aliye hai. Vijana wengi hujifunza hapo jinsi ya kusimama, kusema na kusikika. Hata hivyo mwenye kukaa Kaptembwo, Rhonda, Bondeni au Kivumbini, na zaidi mwenye kukaa Njoro, Molo, Subukia au Elburgon, haifikii nyumba hiyo kwa urahisi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kiingilio, ni chakula cha jioni cha watoto. Ndiyo maana mchezo unaowafaa watu wetu ni ule unaowafuata waliko.

Ushahidi wa pili watoka Limuru, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Wanakijiji, wengi wao wakulima wadogo na vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu, walikuwa na kituo chao cha kusomea watu wazima. Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaandalia mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nikipenda. Wanakijiji waliujadili, wakasahihisha maneno ya wasomi kwa kuwa lugha ni yao, wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, lenye kuketisha watu wapatao 2000. Mchezo ulianza Oktoba 1977, na watu wakaja kutoka mbali. Novemba ruhusa ikaondolewa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong’o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila mashtaka hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 walipojaribu kuigiza mchezo mwingine walizuiwa, na jukwaa lao likabomolewa.

Hatuitaji habari hii ili kufukua visa vya kale. Twaitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo husahauliwa. Katika kijiji kile wazee hawakuwa watazamaji tu. Mzee aliyeshuhudia kiapo, au aliyenyang’anywa shamba, aliwaonyesha vijana jinsi mambo yalivyokuwa, wapi mtu husimama na nini husemwa. Kijiji kile hakikutenga sanaa na elimu ya watu wazima wala na shughuli za kujisaidia. Yote yalikuwa chini ya paa moja, kama sisi tunavyoweza kufanya.

Ushahidi wa tatu ni mchungu, nao ni wetu wenyewe. Bonde la Ufa limeona majirani wakigeukiana mwaka 1992, tena mwaka 1998 huko Njoro, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa Januari 2008 moto uliingia mitaa ya mji huu, na uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Wako humu ukumbini waliolala katika mahema hayo. Wako pia ambao hawapendi kuulizwa walikuwa wapi usiku ule. Chama hiki kina watu wa makabila mengi, na kwa miaka tumezika pamoja na kuchanga pamoja, lakini juu ya jambo hilo hatujasema neno katika mkutano hata mmoja.

Katika miaka iliyofuata, makundi ya waigizaji nchini Kenya yalizunguka kwenye masoko na viwanja vya makanisa yakiigiza habari za amani. Njia waliyoitumia wengi wao ndiyo ile tuliyoionja katika ukumbi wetu. Ilienezwa na Augusto Boal, mtu wa Brazil aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2009. Yeye alifundisha kwamba mchezo ukifika mahali pagumu usimamishwe, na mtazamaji aitwe apande jukwaani, akitwae nafasi ya yule aliyeonewa, ajaribu njia yake mbele ya wote. Njia ikishindwa, mwingine ataijaribu nyingine. Hapo hakuna anayehubiriwa. Watu hujaribu kwa maneno kile ambacho pengine wangekijaribu kwa panga, wakaona mwisho wake kabla haujafika, kisha wakaenda nyumbani salama.

Hatusemi kwamba mchezo huponya kila jeraha. Mtu aliyepoteza mwana hatampata jukwaani. Lakini kijana aliyekuwa na miaka mitano mwaka 2008 sasa ni mtu mzima mwenye kupiga kura, naye aliyoyasikia juu ya jirani yake ameyasikia nusu, jikoni, kwa sauti ya chini. Afadhali ayasikie yote mbele ya watu, na wazee wakiwapo wa kusema, “Hapo sivyo ilivyokuwa.”

Ushahidi wa nne ni wa mwezi wa Aprili 2025. Tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza la shule lilifanyika hapa Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, juu ya vijana na utawala katika nchi ya kubuni. Mchezo huo ulikuwa umezuiwa, ndipo Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Mwandishi alikamatwa kabla ya siku yenyewe. Tarehe 10 Aprili wasichana walisimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na nje askari wakarusha mabomu ya kutoa machozi kuutawanya umati.

Chama chetu si chama cha siasa, na kila mwanachama ana maoni yake juu ya mchezo ule. Wengine watasema ulikuwa mkali mno kwa watoto wa shule. Na wasemwe hivyo, maana hayo ni mazungumzo ya haki. Sisi jambo lililotuuma ni jingine. Watoto wale walikuwa wageni katika mji wetu, na mgeni kwetu hupewa maji na kiti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 33, imeutaja uhuru wa ubunifu wa sanaa miongoni mwa haki za kila mtu. Siku ile mji uliwapa wageni moshi, nasi wazee wa mji tulikuwa majumbani tukitazama kwenye simu. Hatukwenda hata kusimama kando yao. Ndipo tulipokumbuka kinu cha mahindi, na jinsi tulivyowakatalia vijana wetu mara mbili.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa wanachama wa chama kama hiki husikiliza vizuri zaidi fedha zinapotajwa, wala si vibaya.

Kundi la waigizaji lisilotafuta faida haliishi kwa kiingilio peke yake. Kiingilio kikiwa kikubwa cha kutosha gharama zote, maskini hawaingii, na kikiwa kidogo, waigizaji hawali. Ndivyo ilivyo duniani kote. Katika Marekani, mwaka 1963, mji wa Minneapolis, ulio mbali sana na New York, ulifungua nyumba yake ya michezo iitwayo Guthrie. Waliona ya kuwa si lazima mchezo mzuri uwe wa mji mkuu wa sanaa peke yake. Lakini nyumba ile ilitegemea michango ya watu wa mji tangu mwanzo, kama shule au hospitali inavyotegemea. Makundi yetu hapa hujipatia riziki kwa kuigizia shule vitabu vya fasihi, kwa kualikwa arusini na mikutanoni, na mara nyingine kwa msaada wa mashirika yanayotaka habari ya afya au ya amani ienezwe. Msaada huo una faida, ila una kasoro yake pia. Shirika likiondoka na mradi wake, mchezo huondoka nalo, na mara nyingi mwenye fedha ndiye aliyechagua hadithi. Mjane wetu asingechaguliwa na shirika lolote la mbali. Alichaguliwa na vijana wanaoishi jirani naye.

Kwa mujibu wa Katiba, utamaduni na burudani za umma ni kazi ya serikali za kaunti. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mwaka ule ule ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya miji ya ubunifu duniani kwa ajili ya kazi zake za mikono. Yafaa tuikumbushe kaunti wajibu wake. Lakini mtu akingoja serikali imletee kiti na ilhali ana kigoda chake nyumbani, atasimama sana.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano maombi matatu.

La kwanza, ukumbi wa chama ufunguliwe kwa waigizaji wa mtaa jioni mbili za kila juma, bila malipo, wao wakiwa na dhamana ya usafi na ya viti. Tumewajaribu tangu siku ile, na kiti kilichovunjika hadi leo ni kimoja, nacho kilivunjwa na mjumbe wa halmashauri.

La pili, wazee wanaokubali wakae pamoja na vijana hawa mara kwa mara wakiwasimulia yaliyopita: habari za reli na mashamba ya walowezi, za kipande, za kuhamia mjini, na hata za mwaka 2008. Hatuwaombi wazee waigize, ingawa twawajua wawili watatu ambao wameigiza mikutanoni humu miaka yote bila jukwaa. Twawaomba waseme kweli, na wasahihishe inapopotoka. Mzee akifariki bila kusema, hakuna kitabu kitakachosema kwa niaba yake.

La tatu, sehemu ndogo ya fedha za shughuli za jamii, tena isitoke hata senti moja katika mfuko wa mazishi, itengwe kwa nauli ya waigizaji wapate kufika Njoro, Molo na Subukia waliko matawi yetu. Twajua wapo watakaosema fedha ya nauli ingelipa karo ya mtoto mmoja. Ni kweli, nasi hatuwezi kulikana hilo. Twawajibu tu kwamba mama yule aliyengoja tangu kupanda hadi kuvuna alikuwa na watoto wawili shuleni. Mwaka ule walikaa nyumbani muhula mzima. Fedha zao zilikuwako, isipokuwa hapakuwa na mahali pa mama yao kusemea.

Ndugu wanachama, hatuna la kuongeza ila neno hili. Mama huyo tulimwomba ruhusa kabla ya kusoma habari zake leo, naye alitupa, akasema tusilitaje jina lake kwa kuwa halina haja ya kutajwa. Kisha akatuuliza vijana wataigiza lini tena. Tulimjibu kwamba shauri hilo limo mikononi mwa mkutano huu.